Mkia wa Mwanaidi

Harufu ya udi ikinipata mchana, naona gere. Usiku hapana. Usiku udi ni wa maharusi na wa watu waliokwisha kuoga, hauna neno na mimi. Lakini udi wa baada ya adhuhuri, jua likiwa la utosi na paka wamejilaza vivulini, huo ukinifika puani hunirudisha chini ya ngazi ya nyumba yetu, magoti kidevuni, nimenuna. Mwili umekua, nywele zimeanza kuingia mvi, na pua yangu imekataa katakata kukua.

Nina kipindi cha hadithi za kutisha, cha kusikiliza tu, hizi ziitwazo podikasti. Tunaigiza kwa sauti: mlango, nyayo, pumzi, mtu anaitwa kwa jina lake na hakuna aliyemwita. Vijana wanaokuja kunihoji hupenda kujua nilichochewa na nini. Wanataka niseme majini wa Mji wa Kale, au wafungwa wa Ngome ya Yesu, au kwamba babu yangu alikuwa mganga. Huwaambia wanachotaka, wakaenda zao wameridhika. Nyinyi wa rika langu, mliocheza rede na kuogeshwa kwa kata, siwezi kuwadanganya. Kilichonichochea ni gere. Nilimwonea gere binamu yangu mpaka nikawa msanii.

Na msidhani imeniishia. Yuko kijana mmoja wa Kizingo ana kipindi kama changu, anakirekodia nyumbani kwa baba yake, chumba kimefunikwa sponji kuta zote, na nje kimya kama msikiti wa saa nne asubuhi. Mimi nimeegemeza magodoro ukutani, na tuktuk ikipita kichochoroni inabidi mhusika wangu aache kufa, angoje, kisha aanze kufa tena. Kipindi cha kijana yule huwa nakizima mapema, kabla hakijaanza kunipendeza. Hasidi hana sababu, wanasema kwenye leso. Mimi sababu ninazo, tena nyingi, na ya kwanza inaitwa Mwanaidi.

Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, na kuta zake zilikuwa nene hata mtoto aliweza kulala kwenye kina cha dirisha. Chini tulikaa mimi na wazazi wangu. Juu alikaa Nyanya, mama yake mama, pamoja na Mwanaidi. Huyu ni mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye miaka hiyo alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumba. Kwa hivyo Mwanaidi alilala kitanda kimoja na Nyanya, alisukwa na Nyanya, na kichwa cha samaki kilikuwa chake bila mjadala. Mimi, niliyekuwa na mama yangu mzazi saa zote, nilijiona yatima.

Nyanya alikuwa mtoaji hadithi. Baada ya isha watoto wa kichochoro kizima walijaa ukumbini kwake, wakakaa juu ya mkeka, naye akasema "Paukwa!" nasi tukaitikia "Pakawa!" mpaka vumbi la dari likaanguka. Asipoitikiwa vizuri hakuanza. Alikuwa akisema hadithi bila mwitikiaji haiendi, sawa na mashua bila maji. Nilizipenda hadithi zake, lakini zilikuwa za wote, na kitu cha wote si chako.

Sharti lilikuwa moja. Hadithi haikutolewa mchana. Tulimbembeleza siku za likizo, tukamkanda miguu, tukamchotea maji, wapi.

"Mtana hapana," alikuwa akisema. "Hadithi ya mtana, mwenye kuitoa na mwenye kuisikiza, wote huota mkia. Wataka mkia weye?"

Tulisema hatutaki. Tuliamini kama tulivyoamini kwamba mvua inalowesha. Hata kitendawili alikataa kutupa kabla ya magharibi.

Siku moja nilirudi kutoka chuo cha Kurani, vidole vina wino, nikakuta ua umemwagiwa majivu. Harufu ya mafuta ya viazi karai ilikuwa nzito kuliko siku zote, na viazi vyenyewe havikuwapo. Mama alikuwa amekaa juu ya mbuzi, nazi iko mkononi, hakuni.

"Mwanaidi yuwapi?"

"Ana homa. Yuko juu kwa nyanya yako. Usipande."

"Nikamwone tu."

"Nimekwambia usipande. Na usiende kuisema homa ya mtu huko nje."

Basi nikakaa kwenye ngazi, maana ngazini si juu. Ndipo ule udi ukanishukia, mchana kweupe. Mlango wa chumba cha Nyanya ulikuwa umefungwa, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika nyumba ile, na nyuma ya mlango nikaisikia sauti yake, ya chini, ya peke yake.

"Paukwa."

Na sauti ndogo, kama ya mtu aliyelia, ikajibu, "Pakawa."

Sijui niwaelezeje. Nyanya, aliyetunyima hata kitendawili, alikuwa anatoa hadithi jua likiwaka. Alikuwa tayari kuota mkia, katika umri ule, kwa ajili ya Mwanaidi. Moyo wangu uliungua. Tangu saa ile nilitaka kitu kimoja tu duniani: Nyanya anitolee na mimi hadithi ya mchana, peke yangu, mlango umefungwa. Sikutaka baiskeli tena wala viatu vya Idd.

Kesho yake yalianza mayowe.

Baada ya alasiri alikuja mama mmoja wa bara, mnene, mpole, mwenye mkoba mweusi. Alinipita ngazini akaniuliza, "Sasa, mtoto? Umekula?" nikamwambia ndiyo. Mkoba ulikuwa haukufungwa vizuri, na ndani niliona mkasi mrefu unang'aa. Akaingia, mlango ukafungwa. Hadithi ikaanza, halafu kukawa kimya kidogo, halafu Mwanaidi akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia tena katika maisha yangu, na kazi yangu ni mayowe. Baadaye Nyanya akashuka na kifurushi cha vitambaa, akakichoma nyuma ya nyumba. Nilichungulia. Niliona rangi ya damu na rangi ya manjano, na kitu kimejikunja.

Nilikuwa mtoto mwenye akili sana, tatizo langu lilikuwa hilo. Nikapiga hesabu zangu. Hadithi za mchana zinaotesha mkia. Mwanaidi anatolewa hadithi za mchana. Mama wa bara anakuja na mkasi. Kwa hivyo mkia unakatwa jioni, na usiku unaota tena, ndiyo maana mayowe ni ya kila siku. Na Mwanaidi alipoanza kutoka chumbani ushahidi ukakamilika. Alijifunga leso pana kiunoni, alitembea ameinama mbele, alilala kifudifudi, alikula amepiga magoti. Hakukaa kitako hata mara moja. Ukiwa na mkia utakaaje?

Mtoto mwingine angeogopa. Mimi nilitaka mkia.

Niliutaka kwa sababu ulikuwa risiti ya mapenzi. Aliye na mkia ni yule aliyetolewa hadithi iliyokatazwa. Usiku nilijipapasa mgongoni, nikakipata kile kifupa kidogo cha mwisho ambacho kila mwanadamu anacho, nikakibonyeza kwa matumaini. Asubuhi kilikuwa vilevile.

Ndipo nikaamua kama Nyanya hanitolei, nitajitolea mwenyewe. Chini ya ngazi palikuwa na uwazi wa kuweka mitungi na makaa. Nikajipenyeza humo kila alasiri, na jua lipo, nikasema, "Paukwa." Hakuna aliyejibu. Nikajijibu mwenyewe, "Pakawa," kwa sauti nyembamba, nikajisikia mjinga, nikaendelea. Hadithi zenyewe nilikuwa nazipika humohumo: zimwi lililokula kivuli cha mtu na kumwacha mtu, mwanamke aliyesahau uso wake kisimani. Nikagundua ukitia kichwa ndani ya mtungi mtupu sauti yako inakuwa ya zimwi. Vifuu viwili vya nazi ni nyayo. Mchele kwenye kopo ni mvua, na ukiutikisa polepole ni mtu anayevuta pumzi karibu yako. Vitu hivyo ninavyo hadi leo, viko kwenye meza yangu, na kijana wa Kizingo akija kuviona nitavificha.

Baada ya siku chache hata "Paukwa" ya Nyanya sikuisikia tena. Juu palikuwa kimya, kisha yowe, kisha kimya. Nikajua wameanza kunong'onezana ili nisifaidi. Kwani ningewafanya nini? Gere ilinipanda mpaka nikakosa hamu ya kula.

Alasiri moja Nyanya alishuka na kifurushi chake akanikuta kichwa kimo mtungini. Aliinama. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikayasingizia moshi wa udi.

"Wafanyani humo?"

"Nacheza."

Aliniwekea mkono kichwani, mkono unanuka asali na dawa ya hospitali. Nikangoja. Nilidhani labda leo ataniambia panda.

"Teza," akasema. "Teza kwa nguvu, mwanangu. Usinong'one."

Akaenda zake kuchoma vitambaa. Nilichukia! Niliona nimefukuzwa, nimeambiwa kacheze kama kitoto kichanga huku wakubwa wana mambo yao. Basi nikacheza kwa nguvu, kwa ubaya, kusudi niwaharibie hadithi yao. Nilipiga vifuu mpaka vikapasuka. Yowe la Mwanaidi likija, mimi nilipandisha sauti ya zimwi juu yake. Mama alikuwa akipita na ndoo, wala hakunikanya, na hilo nalo lilinishangaza.

Kisha mama wa bara akaacha kuja, udi ukarudi kuwa wa usiku, Mwanaidi akashuka, na maisha yakaendelea. Mkia wake sikuuona. Mimi wangu haukuota.

Ukweli niliupata miaka mingi baadaye, katika kumtayarisha Mwanaidi kwa harusi yake. Tulikuwa tukimsinga mwili mzima kwa liwa, nguo zikateleza, nikaona kovu limeanza kiunoni likashuka mpaka mapajani, ngozi imejikunja kama karatasi iliyoloa ikakauka. Jioni nikamuuliza Mama. Alijibu bila kuniangalia. Siku ile yeye mwenyewe aliepua karai la mafuta ya viazi akaliweka chini lipoe, Mwanaidi akaja akicheza, anatembea kinyumenyume, akalikalia. Mama wa bara alikuwa muuguzi, na mkasi wake ulikuwa wa kukata ngozi iliyokufa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie weye? Mdomo wako una komeo? Habari ingemfika mama yake Uarabuni kabla ya magharibi, na asingeweza kurudi. Angefanyaje kule, ila kuwa mwehu?" Akakunja leso. "Na yule ni mwana wa kike. Mwili wake si wa kutembezwa midomoni mwa watu."

Akili yangu ilielewa palepale. Niliona haya, nililia, nilimwombea dua. Lakini gere haina masikio. Ilibaki palepale chini ya ngazi, imenuna. Alichomwa, ndiyo. Alilia, ndiyo. Na bado yeye ndiye aliyetolewa hadithi ya mchana. Nyanya alifariki akiwa amenibariki, amenipenda, amenipikia mitai ya sukari siku zangu za kuzaliwa, na hakuwahi kunitolea hata moja. Katika vyombo vyake Mwanaidi alichukua chetezo cha udi. Mimi nikahamia chumba cha juu, na ndicho ninachorekodia.

Mwaka huu nikatunga kipindi kiitwacho "Mkia." Msichana anakatwa mkia kila siku, na kila siku unarudi mrefu zaidi. Nilidhani nimeuficha ukweli vya kutosha. Kilipendwa kuliko vyote nilivyopata kufanya, watu wakatumiana, na siku moja nikapata ujumbe wa Mwanaidi, ambaye anakaa Kisauni na ana kazi katika ofisi moja ya bandarini. Uliandikwa: *Jumamosi nitakuja baada ya adhuhuri.* Haukuwa na salamu. Mtu wa kwetu akikuandikia bila salamu, jitayarishe.

Alipiga hodi, tukaamkiana kwa urefu kama ipasavyo, nikamuuliza watoto, akaniuliza mgongo. Akapanda. Alikuwa amekuja na chetezo ndani ya mfuko. Akaomba kaa la moto, akatia udi, na chumba kikajaa ile harufu, jua likiwa dirishani. Kisha akakaa kwa upande mmoja, kama anavyokaa siku zote.

"Nimeusikiza mkia wangu," akasema.

"Dada, ile ni hadithi tu."

"Yule mtoto wa kipindi chenu apiga ukelele vibaya."

"Vibaya vipi?" nikauliza.

"Apiga mapema mno. Mkasi haujafika, yeye keshapiga. Mtu hapigi hivyo. Ukiusikia mkasi wazuia pumzi. Waizuia, waizuia, waona labda leo hautauma. Ukelele ni baadaye." Akafikiri. "Na hauwi mrefu vile. Hukatika."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Nililijua hilo, nimelivaa kwenye leso, na juu ya hivyo kitu kilichonipita moyoni ni kwamba huyu mwanamke wa ofisini, asiyejua hata kushika kipaza sauti, ananishinda katika kazi yangu. Nilikuwa nimeyarudia mayowe yale wiki nzima.

"Lakini mtungi umeutumia vizuri," akasema. "Kama zamani."

"Mtungi upi?"

"Wa chini ya ngazi. Kwani ulitumia mwingine?"

"Wewe ulinisikia?"

Alicheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sote tulikusikia. Wadhani Nyanya alikuwa na hadithi ngapi? Zile za kila usiku nilikuwa nazijua. Alijaribu siku mbili tatu, nikamwambia hii haifai, nami naungua. Kisha ukaanza weye. Yule mama wa bara amesimama na mkasi, ana kazi nyingine, ana watoto kwake, na Nyanya amwambia, 'Ngoja kidogo, mwanangu. Wa chini hajaanza.'"

Nilikaa kwenye godoro lililokuwa karibu.

"Waliningoja?"

"Kila siku. Hanigusi mtu mpaka umeanza. Yule aliyekula kivuli, hujui ulivyonikesheza na yule. Uliitwa kula ukamwata katikati ya hadithi. Nililia usiku kucha, Nyanya akadhani ni jaraha."

Nje tuktuk ilipita. Tulingoja ipite, kwa mazoea yangu.

"Nawe ukisema Paukwa," akaendelea, sauti imeshuka, "Nyanya alikuwa akiinama hapa, sikioni kwangu. Akisema, Pakawa. Polepole. Nilimwambia, mwitikie kwa nguvu naye asikie, ajiitikia mwenyewe kama maskini. Akasema, 'Huyu akijua asikizwa atapanda. Na akipanda ataona.'"

"Kila siku?"

"Hakukosa hata siku moja. Wasema Paukwa, akwitikia."

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Nililia, lakini hicho si kitu kilichokuja kwanza. Kwanza ilikuja gere, kali kuliko zote za utotoni. Hadithi za mchana zilikuwa zangu! Mtoaji nilikuwa mimi, Nyanya ndiye aliyeitikia, na sikio lililoupata mwitikio huo lilikuwa la Mwanaidi.

Nikainuka nikawasha mitambo. Nikamsogezea kipaza sauti.

"Sema kama alivyosema."

"Mtana huu?" akasema. "Tutaota mkia."

"Wewe umeshaota. Nimebaki mimi."

Akanitazama sana, mpaka nikaogopa nimevuka mpaka. Halafu akacheka mpaka akashika kiuno. Alipotulia akajisogeza, akainama, akaleta mdomo karibu na chuma kile kama mtu anayemwambia mtoto siri.

"Paukwa," nikasema.

Alizuia pumzi. Kisha, kwa sauti isiyo yake, kavu, yenye joto, akasema, "Pakawa."

Siku hizi kila kipindi changu kinafunguliwa hivyo. Wasikilizaji wananiandikia kuhusu mnong'ono ule. Wanasema unawasimamisha nywele, wanauliza ni wa nani, amepatikana wapi. Hakuna anayeuliza nani anatunga hadithi. Naona gere, nitaificha wapi? Wala si ya sifa hizo. Mwanaidi aliipata ile Pakawa yenyewe, na pumzi ya Nyanya ndani yake. Mimi nina ya kuigizwa, na ndiyo niliyo nayo.

Alasiri nyingine, nyumba ikiwa tupu, hushuka nikajikunja chini ya ngazi, ingawa magoti yananilaumu. Husema Paukwa, kwa nguvu, kama nilivyoagizwa. Sijijibu tena mwenyewe. Nangoja.